Ndiyo na Baadaye

Wateja walimwita Daktari, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Alikuwa fundi wa miwani, tena fundi mzuri, ila koti lake jeupe lilikuwa refu kuliko la daktari yeyote, na alivyokuwa akisema "tazama juu, tazama chini" ungedhani anajiandaa kukupasua. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Lenzi, ndiye aliyepokea wageni, akapanga fremu kwenye rafu za kioo, na kuisimamia mashine ya kukata lenzi iliyokuwa chumba cha nyuma. Mashine hiyo ilipokea maagizo kutoka kwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta hiyo ndiyo nusura ivunje undugu.

Ilianza kwa ujumbe. Asubuhi moja kisanduku cha buluu kilijitokeza katikati ya skrini, kikasema kwamba mfumo unaoiendesha kompyuta umezeeka na waliouunda wanakaribia kuacha kuulinda. Kikauliza kama mwenyewe yuko tayari kuhamia mfumo mpya. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Mama Lenzi alisoma maneno yote hadi nukta ya mwisho, akabonyeza Baadaye, akamweleza mumewe. Kosa lake ni kwamba alimweleza mbele ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amesimama pale pale.

Mdogo wake huyo alipewa jina la Toleo kwa sababu simu mpya haikuwahi kutoka ikamkuta bado ana ya zamani. Alikuwa na ofisi mtaa wa pili, na kibao cha mlangoni kilisema anatoa ushauri wa teknolojia. Kazi yenyewe ilikuwa nini hasa, hata mkewe alishindwa kuieleza. Aliposikia habari za ujumbe ule akavuta kiti bila kukaribishwa. Akasema mtu anayetumia mfumo wa zamani ni sawa na mtu anayelala mlango wazi, na kwamba wezi wa mtandaoni huanza na maduka ya watu wenye usingizi kama shemeji yake.

Daktari akavua miwani yake, jambo alilolifanya alipotaka kuonekana ana hekima. Akasema mfumo huo haujamkosea hata siku moja, kila kitu anajua kilipo, na yeye hana muda wa kutafutishwa vitu kwenye mashine yake mwenyewe. Ukweli ni kwamba alijua vitufe vitatu tu, na alikuwa na hofu vitahamishwa.

Basi mjadala ukaota mizizi. Toleo akawa anapita kila siku akielekea kazini, halafu akawa haelekei tena kazini. Waliubishania dukani, wakaubishania kwenye simu, wakaubeba hadi mezani siku ya mapumziko, huku watoto wakikodoa macho na chakula kikipoa. Mwenye duka la viatu jirani akaunga mkono mfumo mpya. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara akaapa kwa mfumo wa zamani, na yeye hajawahi kumiliki kompyuta. Ikafika mahali Daktari akimwona shemeji yake anakuja, anageuza kiti kikatazama ukuta.

Kilichomkera Mama Lenzi ni kwamba swali moja tu lilikuwa na maana, na hakuna aliyeliuliza. Aliliuliza yeye: je, mashine ya kukata lenzi itaelewana na mfumo mpya? Daktari akamrukia Toleo na kusema, umesikia hayo? Toleo akasema hayo ni mambo madogo, dada, yatajirekebisha yenyewe. Mama Lenzi aliposema basi yeye awapigie simu waliowauzia mashine awaulize, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, wakawa kitu kimoja: asubiri kwanza wakubaliane. Naye akasubiri. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alisubiri.

Kisha akaja mama mmoja dereva wa lori. Alikuwa ameikanyaga miwani yake asubuhi ile akishuka kwenye gari, na bila miwani hakuona zaidi ya ukungu. Jirani wa viatu alimshika mkono hadi kwenye benchi. Lori lake lilikuwa limeshapakiwa, akaomba kwa upole wamharakishie. Daktari akampima macho vizuri kabisa, hilo hakuna wa kumnyima, akarudi mezani kuingiza vipimo. Toleo alikuwa amesimama nyuma yake akieleza jinsi nchi zilizoendelea zinavyomcheka mtu wa mfumo wa zamani. Kisanduku cha buluu kikajitokeza. Daktari, shingo ameigeuzia kwa shemeji yake, akiwa katikati ya kusema kwamba mfumo mpya hautakanyaga duka lake maadamu yu hai, akakibonyeza kisanduku kimwondokee machoni.

Akabonyeza Ndiyo.

Skrini ikawa nyeusi, kisha maneno meupe yakaomba mtu yeyote asizime mashine. Toleo alijaribu kuficha meno, akashindwa. Lakini kompyuta ilipomaliza shughuli zake na kuwaka na mapambo mapya, mashine ya chumba cha nyuma haikujibu. Ilitumiwa vipimo ikakaa kama haikusemeshwa. Toleo akakaa kwenye kiti, akakunja mikono ya shati, akabonyeza huku na huku hadi jasho likamtoka. Daktari akasema huu ndio ujana anaousema kila siku. Toleo akajibu kwamba aliyebonyeza si yeye. Wakaanza upya tangu mwanzo, kwa sauti.

Mama Lenzi akatoka nje na simu. Alimpigia wifi yake, mke wa Toleo, aliyekuwa kule ofisini, akamwuliza wao walifanyaje walipohamia mfumo mpya.

Wifi akacheka. "Nani kahamia, wifi? Ya kwake hajaigusa. Kasema ina kazi zake, na ole wake atakayeibonyeza."

Mama Lenzi alisimama kidogo kando ya mlango. Aliwasikia wanaume wawili ndani wakipandishiana sauti. Kisha akapiga simu ile aliyokuwa aipige tangu zamani. Kijana aliyepokea kwa wauza mashine aliuliza aina yake, akasema programu ya kuiunganisha na mfumo mpya ipo, ya bure, kila anayepiga wanamtumia. Alishangaa kidogo kwamba hawakupiga mapema.

Akarudi ndani. Alimgusa ndugu yake bega.

"Inuka."

"Dada, hapa panahitaji mtaalamu."

"Mtaalamu ambaye yake hajaigusa?"

Toleo akainuka. Daktari alifungua mdomo ashangilie, akakutana na macho ya mkewe, akaufunga. Mama Lenzi akapakua programu, akaifuata hatua kwa hatua akisoma kila neno, na chai aliyokuwa amempa dereva ilikuwa haijapoa mashine ilipoanza kunguruma kule nyuma.

Alimvalisha dereva miwani yake kwa mkono wake mwenyewe, akamrekebishia masikioni. Yule mama akasoma kalenda ya ukutani, akasoma kibao cha duka la viatu nje, akaridhika. Ndipo akageuka kuwatazama wale wawili waliokuwa wakibishana kichwani pake muda wote ule. Akamtazama Daktari na mvi zake. Akamtazama Toleo na upara wake.

"Kumbe ni watu wazima," akasema, akachukua funguo zake akaenda.

Siku zilizofuata Daktari alianza kuwasimulia wateja jinsi alivyoamua kwenda na wakati, uamuzi mgumu lakini wa lazima. Toleo naye aliwasimulia wa kwake kwamba duka la shemeji alilihamisha yeye. Mama Lenzi hakumkanusha yeyote. Alichofanya ni kuiwekea kompyuta neno la siri analolijua peke yake, na tangu hapo mume wake akitaka kuingiza vipimo, hubisha hodi.