Maelekezo Mepesi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na bosi wetu ana kipara. Nasema hivyo bila woga, maana nimemfanyia kazi miaka sita, na katika miaka hiyo ametoa waraka kuhusu kila kitu isipokuwa kazi. Kuna waraka wa namna ya kufunga mlango wa choo. Kuna waraka wa kubana matumizi ya karatasi, ambao ulitolewa nakala arobaini. Ofisi yetu inashughulikia hati za nyumba na viwanja. Wananchi wanakaa nje kwenye benchi wakisubiri hati zao mpaka benchi limeanza kubonyea, na sisi huku ndani tunasaini kwamba waraka tumeusoma.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa ofisi hiyo, na jina langu hapo ni Fundi tu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaambia watu wazima, wenye watoto na vyeo, wachomeke waya uliochomoka. Ukiifanya kazi hiyo miaka sita unaanza kuamini kwamba ubongo uligawiwa siku ambayo wewe peke yako ulikuwepo.

Jumatatu moja bosi aliniita. Nilimkuta na sekretari wake, ambaye tunamwita Kucha kwa sababu ndizo anazozishughulikia tangu anapoingia hadi anapotoka.

"Fundi, nataka ripoti," bosi alisema. "Ya kitaalamu. Kuhusu Mama Faili."

Mama Faili ndiye anayesimamia masjala, chumba cha majalada yote ya viwanja. Yumo humo miaka ishirini na sita. Mtajie namba ya kiwanja, atakuambia jalada liko rafu gani na nani alilichukua mara ya mwisho asilirudishe, na mara nyingi mtu huyo ni bosi mwenyewe. Mwaka jana majalada yalipoingizwa kwenye kompyuta, ni yeye aliyeyapanga yote katika folda moja ya pamoja inayokaa kwenye sava, ile kompyuta kuu. Mfanyakazi yeyote akiingia kwenye kompyuta yake asubuhi kwa jina na paswedi, folda hiyo inajitokeza yenyewe kwa herufi M. M ya masjala.

"Wiki tatu sasa M inamgomea yeye peke yake," bosi aliendelea. "Kila asubuhi. Watu dirishani wanasubiri majalada, yeye anasubiri wewe. Wenzake wote wanafungua. Sasa niambie, tatizo ni kompyuta au ni mtu?"

"Kompyuta nimeikagua, bosi. Ni nzima."

"Basi umeshajibu. Iandike hivyo hivyo. Nitamhamishia mapokezi akagawe vitambulisho vya wageni. Kule hakuna herufi."

Kucha alicheka mpaka akapuliza kucha zake. Mimi nami, kusema kweli, sikuona ubaya wowote. Wiki tatu nilikuwa nikipokea simu ile ile. Nafika kazini saa tatu, mkoba sijautua, simu inalia: "Mwanangu, M haipo." Nakwenda masjala, namtoa kwenye kompyuta, namwingiza upya, na M hiyo hapo inanitazama. Nikigusa mimi inakubali, akigusa yeye inakataa. Nikaamua kwamba huyu mama anabonyeza asipotakiwa kubonyeza. Wiki ya kwanza haijaisha, niliandika kwa kalamu nene na kubandika ukingoni mwa skrini yake: M IKIGOMA, TOKA, KISHA INGIA TENA. Mtoto wa chekechea angeelewa. Lakini simu hazikukoma.

Kwa hiyo ripoti haikunipa taabu. "Kompyuta haina hitilafu. Mtumishi hawezi kufuata hata maelekezo mepesi. Nashauri apangiwe kazi nyingine." Nikatia sahihi Jumanne asubuhi, na niliona fahari kwamba nimeweza kuwa mfupi hivyo. Jumatano Mama Faili alipewa barua yenye mhuri: kuanzia Jumatatu ijayo, mapokezi.

Alhamisi mwanangu alikuwa na mtihani, na shule iliwataka wafike mapema. Nilimpeleka, nikajikuta nimefika ofisini saa moja asubuhi, saa ambayo sijawahi kuiona nikiwa pale. Mlinzi alinitazama juu hadi chini, akaniomba kitambulisho.

Mlango wa masjala ulikuwa wazi. Mama Faili alikuwa ndio kwanza anaketi. Nilisimama pale mlangoni nikajisemea kimoyomoyo, leo namkamata anachobonyeza. Aliwasha kompyuta. Akaandika jina lake. Akaandika paswedi herufi moja moja, kwa kidole kimoja, na hakukosea hata moja. Kompyuta ikamfungulia. Akatafuta M, M haipo. Hakugusa kitu kingine. Aliinama akaisoma karatasi yangu, midomo ikicheza, kisha akasimama, akatundika mkoba begani, akaja mlangoni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Leo umewahi! Nipishe kidogo, namalizia."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Akasimama kwenye korido, wima, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Kisha akaufungua mlango, akaingia, akaketi, akatazama skrini.

"Bado," alisema, na akaanza kunyanyuka tena.

"Mama, unafanya nini?"

"Si karatasi yako? Natoka, naingia tena. Huwa nafanya mara tatu. Ya nne naona haya, mlinzi asije akadhani nimerukwa na akili."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, machozi yakanitoka, nikajaribu kuacha nikashindwa. Yeye alibaki amesimama na mkoba wake begani akisubiri nimalize.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

"Kutoka kwenye kompyuta, mama. Siyo mlangoni!"

"Kompyuta ina mlango?"

"Haina."

"Basi ungeandika."

Hapo kicheko kilianza kuniishia, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kitu. Nilikuwa nimemtazama kwa macho yangu tangu alipobonyeza kitufe cha kuwasha. Hakukosea mahali popote, na M haikuja. Nikaketi mimi kwenye kiti chake, nikamtoa, nikamwingiza upya. M haikuja. Mara ya kwanza katika wiki tatu ilinigomea hata mimi, fundi mwenye ubongo.

Niliufuata waya wa mtandao kutoka nyuma ya meza yake, ukapita chini ya mlango, ukaambaa na ukuta wa korido hadi juu ya meza ya Kucha, lilipo sanduku la mtandao ambamo nyaya zote za jengo zinakutana. Sanduku lilikuwa limekufa. Hakuna taa hata moja. Na pembeni ya swichi ya ukutani, nadhani mmeshabahatisha, palikuwa na waraka. "Ili kubana matumizi ya umeme, sanduku hili lizimwe saa kumi jioni na kuwashwa na sekretari anapofika kazini." Tarehe ilikuwa ya wiki tatu zilizopita. Chini yake kulikuwa na sahihi za waliousoma, na ya tatu kutoka juu ilikuwa yangu. Nyaraka za bosi huwa nazisaini bila kuzisoma, kama mtu yeyote mwenye akili timamu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama Faili anafika saa moja. Kompyuta inamruhusu kuingia hata bila mtandao, kwa sababu inaikumbuka paswedi yake ya jana. Lakini M huitwa mara moja tu, pale mtu anapoingia. Ikiitwa na njia imekatika, haiji, na kompyuta haihangaiki kuiita tena mpaka mtu atoke na kuingia upya. Kucha hufika saa mbili na nusu, siku akijitahidi, anabonyeza swichi, mtandao unarudi. Wanaofika baada yake wanaikuta M inawasubiri, na mimi wa saa tatu nagusa kidogo inakubali, najiona mganga. Katika jengo zima kulikuwa na mtu mmoja tu anayewahi kazini, na ndiye tuliyemwandikia ripoti.

Nilibonyeza swichi, nikarudi masjala, nikamwonyesha Mama Faili namna ya kutoka kwenye kompyuta. Alifanya mwenyewe, mara moja. M ikaja. Alitabasamu kidogo, kisha akatazama rafu zake.

"Imechelewa," alisema. "Wameshanipa barua."

"Mapokezi si pabaya, mama. Hakuna vumbi," nilisema, na nikaona aibu kabla sijafika mwisho wa sentensi.

"Mwanangu, mume wangu nilimzika Jumamosi, Jumatano nikawa humu. Watu walinisema sana. Lakini nyumbani hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Humu kutwa nzima naulizwa, na majibu ninayo. Huko mapokezi wataniuliza nini? Wataniuliza choo kiko wapi."

Nilimsubiri bosi mlangoni kwake hadi saa nne. Nilimweleza yote, sanduku, swichi, saa, karatasi yangu. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake kwa urefu.

"Sanduku lile linawasha taa mchana kutwa, usiku kucha," alisema. "Nani anaziangalia?"

"Bosi, Mama Faili hana kosa. Ripoti yangu ilikuwa ya uongo. Naomba kuiandika upya."

"Na katika hiyo mpya kosa litakuwa la nani?"

"La waraka wako na la karatasi yangu."

"Waraka haukosei, Fundi. Waraka unatekelezwa." Akasimama, kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. "Sanduku liacheni likiwaka. Lakini barua imeshatoka, ina mhuri. Nikiirudisha nitaonekanaje? Jambo dogo hili, usilikuze."

Nilitoka nimepandwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo sikujua niielekeze wapi. Bosi nilikuwa nikimdharau tangu zamani, hilo halikuwa jipya. Jipya lilikuwa kwamba ile barua yake yenye mhuri ilikuwa imesimama juu ya sentensi zangu tatu fupi, na bila hizo asingekuwa na pa kuiegemeza. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na walisema wakiwa na mafundi kama mimi akilini.

Nilirudi kwenye meza yangu nikaandika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba Mama Faili hakukosea hata siku moja. Kwamba sanduku la mtandao lilikuwa likizimwa kwa waraka wa bosi, nikautaja kwa namba na tarehe. Kwamba sekretari huliwasha saa mbili na nusu, wakati kazi inaanza saa mbili. Kwamba ripoti ya kuwa mama huyu hawezi kufuata maelekezo niliiandika mimi, na maelekezo yenyewe niliyaandika vibaya. Nikatia sahihi. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuomba ruhusa kulifanya. Sava yetu ina orodha ya maagizo ambayo kila kompyuta huyasoma mtu anapoingia. Humo ndimo M inamoitwa. Nikaongeza agizo moja juu ya yote: fungua ukurasa huu.

Ijumaa kila aliyeingia kwenye kompyuta yake aliukuta umejaa skrini nzima. Kucha aliusoma kwa sauti ili wenzake wasikie, akafika pale penye saa mbili na nusu, sauti ikazama. Wenzetu wa chumba cha hati walisoma mara mbili. Wengi walipita karibu na meza yangu bila sababu. Bosi aliingia saa nne, akafunga mlango, na hakutoka hadi saa sita kasoro, alipoonekana akitembea kuelekea masjala kwa miguu yake mwenyewe. Nilimfuata kwa mbali. Sikutaka kusimuliwa.

"Ile barua ya juzi," alimwambia Mama Faili, macho kwenye rafu, "ilikuwa rasimu tu. Naomba uirudishe."

Rasimu yenye mhuri! Mama Faili aliitoa kwenye mkoba, akaikunjua, akavuta daftari kubwa la masjala na kalamu.

"Karatasi ikitoka humu inasainiwa, bosi. Na hapa naona una majalada manne hujarudisha. La zamani kuliko yote lina miaka saba."

Bosi alisaini. Alipopita kwenye korido kipara chake kilikuwa kinang'aa kwa jasho, na nisidanganye, ilikuwa furaha kubwa kukitazama.

Mchana nilikwenda masjala. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha M iko sawa, lakini nilikwenda kupokea shukrani. Mama Faili alikuwa akimsomea mzee mmoja dirishani namba ya jalada lake. Alipomaliza nikamsogelea.

"Ule ukurasa umeuona, mama?"

"Nimeusoma. Mara mbili." Aliendelea kupanga makaratasi mezani. "Umeandika sanduku. Umeandika waraka. Hata ripoti umekiri ni yako. Vizuri."

"Ilikuwa lazima nikiri, mama."

"Ripoti naielewa. Bosi alikutuma, ni kazi." Akaniangalia usoni sasa. "Kucheka je, mwanangu? Nani alikutuma?"

Miaka sita nilikuwa na jibu kwa kila mtu katika jengo lile.

"Nisamehe, mama," nilisema.

"Nimesikia," alisema, akamwita mtu aliyefuata dirishani.