Kivuko Kisicho na Kuta

Kwa misimu minane mapacha wale wa katuni hawakuwa na kwao. Walilala mapangoni, juu ya magunia ghalani, ndani ya mitaro iliyokauka, na nungunungu wao mpiga domo akiwa amejikunja katikati yao. Kila Jumamosi asubuhi watoto walikaa mbele ya televisheni kuona leo wameamkia wapi. Na kila walipoamkia palikuwa pamechorwa na watu watano wa idara ya mandhari, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho karibu na choo, wakiongozwa na mmoja wao, mwanamke ambaye studio nzima ilimwita Mama Brashi. Hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na brashi aliyozoea kuichomeka kwenye nywele na kuisahau humo mpaka anafika nayo nyumbani.

Siku mtayarishaji alipotangaza kwamba msimu wa tisa mapacha watapata maskani, watu walipiga makofi.

"Watoto wamechoka kuona wenzao wanazurura," alisema mtayarishaji, amesimama mbele ya ubao mweupe na kalamu mkononi. "Wanataka mlango wanaoujua. Wanataka kitanda kilekile, sufuria ileile, dirisha lilelile."

Mama Brashi hakupiga makofi. Neno "dirisha lilelile" lilimwingia kama mwiba. Nyumba ikishachorwa kutoka pembe nne, imechorwa. Inawekwa kwenye kompyuta, inatolewa kila wiki, leo na taa, kesho bila taa. Nusu ya kila kipindi ingechezewa humo. Watu watano wa nini?

Alipoinua macho alikuta mtayarishaji anamtazama, na anatabasamu.

Huyo mtayarishaji alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume wake. Zamani walikuwa mashoga wa kulala chumba kimoja chuoni, wakiazimana viatu, na ni wifi huyohuyo aliyempeleka kwao akamwonyesha kaka mtu. Kisha urafiki ukachacha. Ugomvi ulianzia kwenye orodha ya wageni wa harusi, ukapita kwenye kochi la mama mkwe, ukahamia kazini, ukakaa. Sasa walisalimiana kwa sababu kulikuwa na watu.

Mama Brashi alimfuata kwenye korido.

"Wifi, na watu wangu?"

"Hapa kazini mimi si wifi yako."

"Haya, Bosi. Na watu wangu?"

"Wewe na mmoja mnatosha." Wifi alikuwa anatembea, hakusimama. "Alhamisi ya wiki ijayo niletee michoro mitatu. Nyumba juu ya kilima, kinu cha zamani cha kusaga nafaka, na cha tatu chagua mwenyewe. Pembe nne kila kimoja. Halafu nisikilize." Hapo akasimama. "Nakujua kuliko kaka yangu anavyokujua. Usiniletee ujanja."

"Ujanja nilijifunza kwako."

"Hukumaliza masomo," wifi akasema, akafunga mlango wa ofisi yake.

Mama Brashi alirudi idarani. Watu wake walikuwa wameinamia kazi. Aliyekuwa karibu na dirisha ni mzee mwenye kisirani, aliyeitwa Mawingu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kuchora anga likakufanya utafute mwavuli. Alinusa tu hewa.

"Mbona umenuna?"

"Kichwa kinauma."

"Kichwa au wifi?"

Wenzake wakacheka. Na Mama Brashi akacheka. Ulikuwa ndio wakati wa kuwaambia, na alijua hivyo wakati uleule, mdomo umeshafunguka. Lakini akawaza: nikiwaambia watapiga kelele, watapanda juu wote wanne, wifi atasema nimewachochea. Hili ni langu na yeye. Nitamshinda kimyakimya. Akaufunga mdomo.

Nyumbani alimkuta mume wake anapiga pasi shati.

"Dada amenipigia," mume akasema bila kuinua uso.

"Amesema nini?"

"Amesema usimfanyie vituko."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitakuambia."

"Umeniambia. Asante, posta." Alivua viatu, kimoja kikagonga ukuta. "Siku moja, siku moja tu, mtu akinisema vibaya mwambie, huyo ni mke wangu. Shati hata lisiponyooka."

"Nikisimama na wewe, mama atanuna. Nikisimama na dada, wewe utanuna. Nifanyeje?"

"Endelea na pasi," akamwambia, na siku nne nzima hawakusemezana zaidi ya chumvi na maji.

Nyumba ya kilimani na kinu alivichora kwa siku moja, vizuri vya kutosha asiambiwe amezembea, na vimepooza kiasi cha mtu kupiga miayo. Cha tatu alikitafuta kwa miguu. Mwisho wa barabara ya viwandani, pale mto unapopinda, kulikuwa na kivuko kilichostaafu: sitaha pana ya chuma, kibanda cha nahodha chenye ngazi, ulimi wa kushushia magari uliokula kutu, na chini yake chumba cha injini kinachonuka dizeli. Aliruka uzio. Akakipima kwa hatua, akachora akiwa amechuchumaa, mpaka mlinzi akatokea na rungu akimtukania ukoo. Aliondoka na kurasa kumi na moja na goti lililochubuka.

Kilichompendeza ni kwamba kivuko kile hakikuwa na kuta. Popote uliposimama uliona ng'ambo. Na mapacha wakiishi juu ya kivuko kilichokatika kamba, kikawa kinachukuliwa na mto usioisha, kila wiki ng'ambo itakuwa nyingine. Nyumba moja, pembe nne, kama alivyoagizwa. Nyuma ya ukingo wa chuma, kila Jumamosi, dunia mpya. Dunia mpya inataka watu watano.

Alhamisi walikuwa watatu mezani: yeye, wifi, na mwandishi mkuu, mwanamume mwembamba waliyemwita Profesa kwa sababu hakuweza kuomba kikombe cha maji bila utangulizi. Nyumba ya kilimani Profesa aliiangalia akiwa anakuna shingo. Kinu hakukiangalia kabisa. Kivuko alikivuta kwa mikono miwili.

"Watu watapanda," akasema taratibu. "Mnaona? Miaka minane tumekuwa tukiwapeleka mapacha kwenye visa. Sasa visa vinawapandia. Mwizi anapanda. Mganga wa uongo anapanda. Mjane na jeneza lisilo na maiti anapanda! Hawawezi kumkataa mtu, kwa sababu hapana mlango wa kufunga." Akageukia mtayarishaji macho yanang'aa. "Ni hapa. Mkinipa kilima, naenda kulima."

Wifi aliichukua michoro minne ya kivuko, akaipanga mezani, akaweka kidole chenye rangi ya kucha kwenye sehemu iliyoachwa nyeupe nyuma ya ukingo.

"Hapa pana nini?"

"Mto," Mama Brashi akajibu.

"Na nyuma ya mto?"

"Ng'ambo."

"Ipi?"

Profesa aliwatazama kwa zamu kama mtu aliyeingia kwenye chumba kisicho chake.

"Wewe mwanamke," wifi akasema kwa sauti ya chini, "unadhani nilizaliwa jana? Nimekuambia nijengee nyumba, umenijengea dirisha la mita thelathini. Nikatae, Profesa ananuna. Nikubali, nakulisha wewe na kundi lako mpaka msimu wa kumi na mbili. Umekaa siku ngapi kuutunga huu?"

"Umeomba maskani. Ni maskani nzuri kuliko zote. Na wewe unajua."

"Najua." Wifi aliikusanya michoro, akaipigapiga mezani mpaka kingo zikalingana. "Ndiyo maana tunaichukua. Kivuko kimepita. Ila kwenye mto huu kuna ukungu."

"Ukungu?"

"Mzito. Asubuhi, mchana, jioni. Wasafiri wanatokea ndani ya ukungu, wanarudi ndani ya ukungu. Profesa, si itapendeza?"

Profesa alifikiri. "Ina... siri fulani," akasema, mjinga yule, na kazi ikaishia hapo. Wifi alipopita nyuma ya kiti cha Mama Brashi aliinama kama anayetaka kumbusu shavu.

"Ukungu hauhitaji watu watano," akamnong'oneza.

Barua zilitoka Jumatatu. Watatu waliachishwa kazi, Mawingu mmoja wao; wifi ndiye aliyechagua majina. Idarani hakuna aliyelia. Walisimama na makaratasi yao, kisha mmoja akauliza swali ambalo Mama Brashi alikuwa akiliogopa.

"Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. "Tangu siku ya mkutano. Wiki mbili."

"Wiki mbili," Mawingu akarudia. Alikuwa anafunga brashi zake kwenye kitambaa, moja moja. "Wiki mbili tungepanda juu sote. Tungekwenda kwa wakurugenzi. Tungegoma, tukachora mapacha wamelala barabarani! Lakini hukutuambia."

"Nilikuwa napigania kazi zenu."

"Ulikuwa unapigana na wifi yako. Sisi tulikuwa mawe ya kurushiana." Akakaza fundo. "Na hukumpata hata kwa jiwe moja."

Alitoka bila kuaga. Wengine wawili waliaga, na hilo lilimuuma zaidi.

Vipindi vitatu vya kwanza Mama Brashi na msichana aliyebaki walichora ukungu. Kijivu juu ya kijivu, na kijivu kingine chepesi kuonyesha asubuhi. Msichana alikuwa akija, anawasha kompyuta, anafanya kazi na vipokea sauti masikioni, anaondoka. Haikuwa chuki ya wazi. Alikuwa tu hataki kuongea na mtu aliyemficha jambo.

Kipindi cha nne Mama Brashi aliufungua ukungu. Hakumshirikisha mtu, safari hii ili lawama iwe yake peke yake. Kwa sekunde kumi na mbili, nungunungu akiwa anaropoka ukingoni, ukungu ulipasuka, na ng'ambo kukaonekana mji mzima wa ngazi, nguo zimeanikwa, mtu mmoja amesimama anapunga mkono. Halafu ukajifunga. Akaupeleka mchoro kama ulivyo, dakika za mwisho, pale ambapo kubadilisha chochote kungefanya kipindi kikose kwenda hewani.

Jumatatu wifi alisukuma mlango wa idara mpaka ukagonga kabati.

"Nani amefungua ukungu?"

"Mimi."

"Nimekuonya mara ngapi? Kwani una kichaa? Nikufukuze mbele ya huyu mtoto?"

"Nifukuze. Kaka yako utamwambia mwenyewe, simu yake unayo."

Msichana alitoa vipokea sauti masikioni, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Wifi alivuta pumzi. Alionekana amechoka, unga wa uso umekatika pembeni ya pua. "Wakurugenzi wamepigiwa simu na wazazi tangu Jumamosi," akasema, na kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa. "Watoto wanauliza yule anayepunga mkono ni nani. Wanauliza ukungu utafunguka lini tena. Wakurugenzi wanataka ufunguke kila wiki. Waite watu wako."

Mama Brashi alisubiri furaha ije. Haikuja.

"Usinishukuru," wifi akasema.

"Sikuwa na nia hiyo."

"Vizuri." Akafika mlangoni, akageuka. "Ungeniambia siku ile ile, ana kwa ana, kwamba unaogopa kuwapoteza, pengine ningekusikiliza. Ulikuja na hila kwa sababu unaniona adui."

"Uliniambia hapa kazini wewe si wifi yangu."

Walitazamana. Wifi akaondoka.

Wawili walirudi baada ya simu moja. Mawingu hakupokea. Mama Brashi alimfuata alikoambiwa amepata kibarua, zahanati ya watoto mtaa wa tatu, akamkuta juu ya ngazi ya mbao anapaka anga kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria. Wazazi walikaa chini yake kwenye mabenchi, na kila mmoja, bila kujua, alikuwa anatazama juu.

"Nafasi yako ipo," akamwambia. "Kesho ukitaka. Kuna mto mzima unangoja anga."

Mawingu hakushuka. "Wifi yako amesemaje?"

"Amekubali."

"Na akikataa tena mwezi ujao? Utaniambia siku hiyohiyo, au utakwenda kuruka uzio kwanza?"

"Nitakuambia."

"Sikuamini," Mawingu akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao. "Nimekaa na wewe miaka minane, naipenda kazi yako, na sikuamini. Sasa hivi nafanya kazi. Rangi inakauka."

Mama Brashi alitaka kusema nisamehe, akagundua kwamba hajawahi kulisema neno hilo kwa mtu yeyote aliyemjua, si kwa wifi, si kwa mume. Akalisema. Lilitoka dogo, na mtoto mmoja benchini akalifunika kwa kikohozi.

"Nimesikia," Mawingu akajibu, akachovya brashi, akaendelea.

Hakurudi studio, wala msimu huo wala uliofuata. Anga la mto walilichora wengine, na lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyewahi kulitazama akakumbuka mwavuli.