Bisibisi ya Pembe Tatu

Feni ilikuwa mapajani mwa Mwaija, imeshavuliwa mapanga, na yeye alikuwa akichokonoa vumbi lililogandamana kwenye beringi, gari la mgambo liliposimama mbele ya baraza alipofanyia kazi. Wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara walizoa nguo zao wakakimbia. Mwaija hakukimbia. Kitambulisho chake cha mjasiriamali kilikuwa kinaning'inia shingoni, na hata angetaka, fundi hawezi kukimbia na vyombo vya watu.

"Kusanya, mama," mgambo mmoja alisema.

"Nikusanye nini, mwanangu? Mimi siuzi kitu hapa. Natengeneza."

 Mgambo aliinama, akafunga sanduku la bati lenye vifaa, akalitupia nyuma ya gari juu ya mizani na meza walizokwisha kukusanya.

"Lifuate ofisini."

Gari likaondoka kuelekea stendi ya Korogwe. Mwaija alibaki na feni isiyo na mapanga, pasi mbili, na blenda ya Upendo.

Bisibisi za kawaida na koleo angeweza kuazima. Lakini vyombo vingi vya siku hizi vinafungwa kwa skrubu ambazo aliyevitengeneza hataki mtu mwingine azifungue. Nyingine zina tundu la pembe tatu, nyingine vijitundu viwili, na zimezamishwa ndani kabisa, chini ya shimo jembamba. Bisibisi za kufungulia skrubu hizo Mwaija alishaziulizia Korogwe yote, akaziulizia mpaka Tanga, wenye maduka wakamwambia vyombo hivyo vikiharibika watu hununua vingine. Akaamua kujitengenezea. Kila alipoletewa skrubu ngeni alikaa na tupa akachonga ufunguo wake, mmoja kwa spoki ya pikipiki, mwingine kwa msumari mnene. Baba yake, mzee Kibwana, aliyekuwa akitengeneza redio kijijini Kwedizinga, alimfundisha hivyo. Funguo zote hizo zilikuwa kwenye lile sanduku.

Upendo, muuza juisi wa stendi, alifika hata vumbi la gari halijatulia.

"Shikamoo, dada Mwaija. Wamechukua na blenda yangu?"

"Marahaba. Blenda ipo. Wamechukua vya kuifungulia."

Upendo alikaa chini, mikono kichwani. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka juisi kwenye mahafali ya shule moja, na parachichi zilizoteremshwa kutoka Lushoto zilikuwa zimejaa chumbani kwake.

"Zimeiva zote, dada. Mwalimu kaniambia nikichelewa kesho asubuhi, kazi anampa mwingine. Na yeye huyo mwingine anasubiri tu."

"Utaipata leo."

"Kwa vifaa gani?"

"Nakwenda kuvifuata."

Alifungia feni na pasi kwenye duka la jirani, akaitia blenda kwenye kikapu, akaenda.

Ofisini, benchi lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wakingoja mihuri, barua za utambulisho, na mtu wa kuwaambia wangoje wapi. Jua lilipofika utosini ndipo Mwaija aliitwa dirishani. Afisa aliyekaa pale, kijana aitwaye Mhina, hakumwamkia.

"Sanduku la bati ni langu," Mwaija alisema. "Lile pale nyuma yako. Na kitambulisho ninacho, hiki hapa."

Mhina alikishika kwa ncha za vidole. "Hiki ni cha wauzaji. Wewe unauza nini?"

"Mimi ni fundi."

"Kwa hiyo hakikuhusu."

"Wakati wa kukilipia kilinihusu."

Mtu mmoja benchini akacheka, akajifanya anakohoa. Mhina alikirudisha kitambulisho.

"Lete risiti za vifaa. Tutajuaje kama si vya wizi?"

"Vingine sikununua. Nimevitengeneza kwa mikono yangu."

"Kila kitu kina risiti, mama." Kisha akashusha sauti, akasogea karibu na nondo za dirisha. "Mambo madogo haya. Tuelewane, uende zako."

Mwaija alielewa. Gari lilipopita mara ile nyingine alitoa hela, wakaelewana hivyo hivyo, na bado lilikuwa limerudi.

"Leo hatutaelewana," alisema.

"Basi kalete risiti. Anayefuata!"

Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi.  Alifikiri kurudi nyumbani. Halafu akazifikiria zile parachichi, zinazidi kulainika ndani ya chumba kisicho na dirisha. Ng'ambo ya barabara, Enock, fundi pikipiki, alikuwa amelaza pikipiki anabadilisha tairi.

"Enock, nigawie spoki mbovu. Na uniazime tupa."

"Tupa ninayo moja tu, dada."

"Naketi pale ngazini. Ukiihitaji utaniona."

Enock alitazama ofisi, akamtazama na Mwaija. Akaifuta tupa kwa kitambaa, akampa.

Mwaija aliketi kwenye ngazi ya juu, akaibana spoki kwenye ukingo wa saruji kwa kisigino, akaanza kusugua. Tupa ililia vibaya. Sauti yake iliingia dirishani, ikapita katikati ya maongezi ya watu. Alichonga upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaijaribu kwenye shimo la blenda, ikateleza. Upande mmoja ulikuwa mpana kuliko nyingine. Akaikata ncha, akaanza upya. Tupa ikamchuna kidole, akakifunga kwa pindo la khanga.

Mhina akatoka.

"Mama, hizo kelele! Watu wanafanya kazi humu."

"Na mimi nafanya kazi."

"Nenda ukafanyie kwako."

"Kwangu mmenitoa asubuhi." Mwaija hakuacha kusugua. "Umesema hujui vifaa vyangu nimevipata wapi. Kaa hapa uone vinapotoka. Ukimaliza kuona, niandikie hiyo risiti."

Watu walikuwa wameshageuka wote, na wengine walitoka kabisa wakasimama mlangoni. Mhina akawatazama, akarudi ndani na kufunga dirisha lake. Tupa ikaendelea.

Mama aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni alimruhusu kuiweka ncha kwenye mkaa ili ikomae. Ilipokuwa nyekundu, Mwaija akaitumbukiza kwenye kopo la maji, ikachemka na kunyamaza. Aliishusha ndani ya shimo. Safari hii ilikaa. Akazungusha taratibu kwa koleo aliloazima pia kwa Enock, skrubu ikalia kidogo, ikaachia.

Ndani, kaboni za mota, vile vipande vinavyoipelekea umeme, zilikuwa zimekwisha kabisa. Kaboni mpya zilikuwa kwenye pochi yake, na alizifunga palepale ngazini.

"Fundi," aliita mwanamke mmoja wa kwenye benchi, "na pasi unatengeneza?"

"Natengeneza. Kesho niletee."

"Nikuletee wapi?"

"Hapa hapa. Mpaka sanduku langu litoke."

Jioni, chumbani kwake, Upendo alibonyeza swichi. Blenda iliunguruma. Alichukua kisu na kuanza kupasua parachichi, machozi yakimtoka huku akicheka.

Asubuhi Mhina alipofika kufungua ofisi, Mwaija alikuwa ameshatandika gunia ngazini, na ile bisibisi moja mkononi. Yule mwanamke alikuja na pasi. Nyuma yake kulikuwa na mzee mwenye redio, na mwingine amekumbatia jiko la umeme. Walikaa wakaujaza mlango. Mhina alisalimia, kwa mara ya kwanza. Wakamwitikia vizuri, lakini hakuna aliyenyanyuka. Akasimama chini ya ngazi na funguo zake mkononi, akingoja wampishe.