Sita ya Mjomba

Karatasi ilirudi na mambo matatu: jibu sahihi, sifuri, na neno moja la wino mwekundu. *Umenakili.*

Binti aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara, wenzake wakimpita huku na huku. Alikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi, wiki ya saba, na darasa zima lilimwita Bati. Siku ya kujitambulisha wengine walitaja shule walizotoka. Yeye alisema amekulia kwenye karakana ya mjomba wake, fundi bati. Jina likashika kama lehemu. Hakulichukia.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Una bati la mraba, kila upande sentimita sitini. Unakata vipande vya mraba vinavyolingana kwenye pembe zote nne, kisha unakunja kingo juu kupata sanduku lisilo na kifuniko. Ukate pembe kiasi gani ili sanduku libebe maji mengi iwezekanavyo? Bati alipolisoma alicheka kimoyomoyo. Aliandika "sentimita kumi", akageuza ukurasa. Hakujua kwamba kijana aliyekaa mbele yake alikuwa ameandika jibu hilohilo, na juu yake ukurasa mzima wa hesabu.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mhadhiri wa kalkulasi. Wanafunzi walimwita Kikomo, maana hakumaliza kipindi bila kusema "tunakaribia, tunakaribia, lakini hatufiki". Ofisi yake ilikuwa nyembamba, na kabati lililofungwa kwa kamba kwa sababu mlango haukushika. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Mwaka uliotangulia alikamata watatu walioandika majibu viganjani, na tangu hapo alisoma karatasi kama mlinzi anavyokagua mikoba getini.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama, mwalimu."

"Haya. Jibu lako ni sahihi. Njia iko wapi?"

"Sikuandika njia."

"Hukuandika kwa sababu huna. Wa mbele yako ana njia kutoka juu mpaka chini, na jibu ndio hilo. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Ningeuliza kwanza. Bati la mraba, pembe ni moja ya sita ya upande. Sitini gawa kwa sita. Kwetu kila mtu anajua."

"Kwenu wapi?"

"Karakana. Mjomba wangu ni fundi bati."

Kikomo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Huyo mjomba wako anaweza kuniambia kwa nini ni sita?"

Bati alitazama kamba ya kabati.

"Wewe je?"

Kikomo alivuta droo, akatoa fomu. "Hii ni ya kuhama. Ukisaini, unakwenda kozi fupi ya ufundi kwa hiari yako, na karatasi hii inabaki kwangu. Usiposaini, inakwenda kwenye baraza la kitivo. Linakaa baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Wakiliona hilo neno hawatakuhamisha. Watakufukuza." Kisha akaongeza, taratibu, "Nakuhurumia, binti."

Na kweli alimhurumia. Ilionekana usoni, na hicho ndicho kilichomkera Bati kuliko sifuri.

Alichukua fomu, akaikunja katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo kama mtu anayelaza ukingo wa bati. "Sisaini kosa ambalo sikufanya."

"Fomu haisemi kosa lolote."

"Inasema 'kwa hiari yangu'. Hiari hiyo sina. Nipe swali jingine, mwalimu. Nikae hapahapa, macho yako yakiwa kwangu, kabla ya hilo baraza. Njia yote utaiona."

Kikomo alirudisha miwani usoni. "Alhamisi, siku moja kabla ya baraza. Saa nne asubuhi. Nikuambie mapema, bati halitakuwa mraba."

"Liwe hata na umbo la kiatu."

Alipofika nje alitia fomu kwenye mkoba. Maneno yalikuwa ya kishujaa, lakini mfukoni hakuwa na kitu. Ile sita aliijua kama mtu anavyojua mlango wa kwao. Kwa nini ni sita, hakujua. Shuleni kwao mwalimu wa hisabati aliondoka kabla ya kufika sura ya kalkulasi, na hakuja mwingine. Kikomo alipoandika ubaoni dii wai juu ya dii eksi, Bati alinukuu herufi tu, kama anayenakili barua ya lugha asiyoisoma. Neno lile jekundu halikuwa kweli, lakini lilikuwa limesimama jirani sana na kweli.

Jumamosi alikwenda karakana. Mabati yaliegemezwa ukutani kwa ukubwa wake, mikasi ilining'inia kwenye misumari, na chuma cha kulehemia kilikuwa kikipashwa kwenye jiko la makaa. Mjomba, mtu mfupi aliyezibwa sikio moja na miaka ya nyundo, alipiga kelele mara alipomwona.

"Injinia kaja! Ficheni rula zenu, zisije zikapigiwa hesabu!"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona uso umekunjamana hivyo? Nikunyooshe kwa nyundo?"

"Mjomba, nimepewa sifuri. Kwa nini sita?"

"Sita gani?"

"Ya pembe. Bati la mraba. Kwa nini si tano, au saba?"

"Kwa sababu ni sita."

"Hilo si jibu."

"Limenilisha miaka thelathini, leo ndio si jibu?" Alicheka, lakini alipoona mpwa wake hacheki, aliweka nyundo chini. "Sikiliza. Ukikata pembe ndogo, unapata sinia. Pana, lakini kina hamna. Ukikata kubwa, unapata bomba. Refu, lakini jembamba. Sasa, katikati kuna mahali, ukisogeza mkasi huku, maji yanapungua. Ukisogeza kule, yanapungua. Hapo ndipo."

"Ulipajuaje?"

"Kwa kuharibu mabati. Mengi! Babu yako nusura anifukuze."

Bati alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua daftari. Alianza na pembe ya sentimita nane, akapiga hesabu ya ujazo. Akaenda tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kutoka nane kwenda tisa ujazo ulipanda kwa mia tatu themanini na nane. Kutoka tisa kwenda kumi, kwa mia moja ishirini na nne tu. Kutoka kumi kwenda kumi na moja ulishuka kwa mia moja kumi na sita, kisha ukazidi kushuka. Alitazama zaidi namba hizo za kupanda na kushuka kuliko namba za ujazo wenyewe. Zilikuwa zinachoka. Zinapanda zikichoka, mpaka zinasimama, halafu zinageuka.

Alijaribu hatua ndogo zaidi. Pembe ya kumi kasoro milimita moja: maji yalipungua kwa sentimita moja ya ujazo na ushei. Pembe ya kumi na milimita moja: hivyohivyo. Kijiko cha chai kisingejaa. Pale kileleni unaweza kugusa mkasi na sanduku lisijali.

"Mjomba!" aliita. "Kileleni mteremko unakuwa sifuri!"

"Sifuri tena? Si umeshapata moja?"

Wiki iliyofuata alirudia notisi za Kikomo tangu ukurasa wa kwanza. Herufi zilikuwa zilezile, ila sasa zilisema kitu. Dii eksi ilikuwa ule usogezaji mdogo wa mkasi. Dii wai ilikuwa maji yanayoongezeka au kupungua. Moja juu ya nyingine ilikuwa ule mteremko, kujua kama mkono wako unaelekea pazuri. Alikosea sana. Alisahau alama za kutoa, alizidisha pasipotakiwa, alijaza kurasa kumi na nne na kuchana tisa. Jumatano, kantini, chai ikipoa pembeni, eksi ya lile bati la sitini ilitoka mara mbili: kumi na thelathini. Alicheka peke yake mpaka meza ya jirani ikageuka. Ukikata thelathini kila pembe, umegawa bati lote vipande vinne. Sanduku ni hewa.

Jumamosi ya pili aliingia karakana, akachagua mabati mawili yaliyobaki kwenye kazi, kila moja sentimita themanini kwa hamsini.

"Mstatili je, mjomba? Unakataje?"

"Nagawa upande mfupi kwa sita. Nane na kitu. Kazi imekwisha."

"Mimi nasema kumi."

Mjomba alimgeuzia sikio zima. "Unasema?"

"Kumi kamili."

"Mpwa wangu, usije na vitabu vyako kunifundisha mkasi niliokushikisha mimi."

"Sikufundishi. Kata yako, nami nikate yangu. Tupime kwa maji."

Mafundi wa jirani waliacha kazi zao. Mmoja alimwambia mjomba akubali yaishe, asije akaaibishwa na mtoto wa dada yake. Mwingine alimwambia Bati aombe radhi mapema. Wawili hao hawakusikiliza. Walikata, wakakunja, wakalehemu pembe, wakaweka masanduku kwenye sakafu iliyosawazika. Wakajaza kwa kopo la nusu lita, kila mtu akihesabu kwa sauti. La mjomba lilimeza makopo thelathini na tano. La thelathini na sita likafurika likiwa bado na maji mengi ndani. La Bati lilimeza thelathini na sita, na maji yakasimama ukingoni yakitetemeka, bila kumwagika.

Mjomba alichuchumaa, akatia kidole kwenye maji ya mpwa wake kama anayetafuta hila.

"Kumbe sita yangu ni ya mraba tu," alisema mwishowe. "Miaka thelathini, watu wa mistatili nimewapunja kopo."

"Kopo lenyewe halikujaa, mjomba."

"Usinifariji! Nionyeshe ulivyofanya."

Na akamwonyesha, kwa chaki, nyuma ya bati. Mjomba alielewa nusu. Nusu nyingine alisema atalala akiiwaza.

Alhamisi saa nne Bati alikuwa mlangoni. Kikomo alimweka kwenye kiti kilichoelekea meza yake, akampa karatasi tupu na swali: bati la sentimita arobaini na mbili kwa thelathini na mbili. Hakusoma gazeti wala kusahihisha kitu. Alikunja mikono, akamtazama.

Bati aliandika kila hatua, hata zile ambazo wengine huruka. Ujazo. Mabano yamefunguliwa. Mteremko. Mteremko umewekwa sawa na sifuri. Eksi ni sita, au kumi na nane na ushei. Chini ya hiyo ya pili aliandika: *Upana ni thelathini na mbili tu. Ukikata kumi na nane kutoka kila upande, mkasi unakata hewa.* Akaonyesha kwamba kabla ya sita ujazo unapanda na baada ya sita unashuka. Kisha akaandika jibu, akalipigia mstari.

Kikomo alisoma, kalamu ikifuata mstari kwa mstari bila kugusa karatasi. Akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Hapa ungeandika tu 'haifai'," alisema. "Ingetosha."

"Najua, mwalimu."

"Mbona umeandika habari ya mkasi?"

"Ujue aliyeandika ni nani."

Kikomo alichukua ile karatasi ya zamani, yenye sifuri, akaifungulia droo. "Haitakwenda barazani. Yamekwisha."

"Hayajaisha." Bati alikuwa bado amekaa. "Neno bado liko pale."

"Nimesema halitoki humu ndani."

"Hata ndani ya droo linahesabiwa langu, na si langu. Sifuri naikubali, mwalimu. Uliomba njia, sikuweka, ni halali yangu. Usiniongezee hata nusu alama. Lakini hilo neno likibaki, kila siku nitakayokaa kwenye darasa lako nitakuwa nimekaa kwa huruma yako. Sitaki."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nazungumza nawe, sijakwenda kwa mtu mwingine."

Kwenye korido mtu alipita akiburuta kiti. Kikomo alisubiri kelele ziishe. Akatoa kalamu nyekundu, akakata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika tarehe pembeni, akasaini. Hakuomba radhi. Alisukuma karatasi upande wa pili wa meza, na Bati akaichukua, sifuri na yote.

"Fomu yangu nirudishie, basi," Kikomo alisema. "Huihitaji tena."

Bati alifungua mkoba, akaitoa. Ilikuwa imekatwa pembe nne na kukunjwa kingo, imebanwa kwa stepla, sehemu ya saini ikiwa tupu kabisa ubavuni. Aliiweka mezani. Kikomo alivuta rula, akapima kimo cha sanduku, midomo ikihesabu.

"Nne na ushei," alisema.

"Karatasi si mraba."

"Hapana, si mraba." Aliinua macho. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kitu. "Huyo mjomba wako. Bado anagawa kwa sita?"

"Kwa mraba tu," alisema Bati, akasimama. Kipindi cha saa tano kilikuwa cha Kikomo, na alitaka kiti cha mbele.