Kompyuta Iliyomtaja Baba Mkwe

Modesta hakuwahi kuomba kuboreshewa kitu. Alhamisi ile alifungua duka lake la steshenari pale Mirongo saa mbili kasoro, akafagia baraza, akawasha kompyuta, akakuta maandishi yamejaa kioo kizima: "Hongera! Tumekuboreshea." Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Sawa". Cha kukataa hakikuwepo. Alitafuta juu, akatafuta pembeni, mwisho akabonyeza Sawa kwa shingo upande, maana mgeni akishaketi kitini huwezi tena kumwambia kwamba hakupiga hodi.

Kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo. Kwa Modesta lilikuwa balaa, na sababu yake ilikuwa rangi ya kucha. Kabla ya kuingia kwenye biashara ya kuchapa na kuwajazia watu fomu mtandaoni, alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa, na fundi cherehani hakati kitambaa mpaka apige chaki. Alipojifunza kompyuta ukubwani alifanya vilevile alivyozoea. Kila kitufe alichokihitaji kwenye kivinjari, yaani ule mlango wa kuingilia mtandaoni, alikiwekea nukta ya rangi ya kucha juu ya kioo. Nyekundu ilikuwa ya kuhifadhi, kijani ya kurudi nyuma, buluu ya kuchapa. Mshale ukifika kwenye nukta, unabonyeza, kazi imekwisha. Rahim, fundi simu wa baraza la pili, alipoziona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, lakini foleni ya wateja iliendelea kuwa kwa Modesta.

Sasa vitufe vyote vilikuwa vimehama. Vilishuka upana wa vidole viwili na kusogea kulia, nukta zikabaki hazina mwenyewe, kama vifungo vya shati lililofungwa vibaya. Na kwenye kona ya chini alikuwa amehamia mpangaji mpya: duara la zambarau lenye macho mawili, likijiita Msaidizi. Kila Modesta alipoandika maneno matatu, duara lilipepesa macho na kuuliza kwa maandishi, "Nikuandikie vizuri zaidi?"

"Kwani nimekuita?" Modesta aliliuliza.

"Unagombana na nani asubuhi yote hii, Msukuma?" Rahim alisema kutoka mlangoni. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake, kwa hiyo hana adabu wala hatarajiwi kuwa nayo.

"Imejiapdeti yenyewe. Njoo uirudishe ilivyokuwa."

"Apdeti hairudi nyuma, dada yangu. Futa hivyo vidoadoa vyako uanze kujifunza upya."

"Nianze upya mara ngapi? Hii ya tatu tangu Pasaka. Cherehani yangu nilikaa nayo miaka kumi na tisa, haijawahi kulala sindano huku ikaamka sindano kule."

Rahim alikubali kwamba hapo ana hoja, akaenda kufungua duka lake.

Ingekuwa siku nyingine, Modesta angezoea polepole huku anatukana kimoyomoyo. Lakini siku hiyo saa kumi alasiri ndipo ulipokuwa unafungwa uandikishaji wa vikundi vya tamasha la ngoma, na mteja aliyekuwa anakuja kujaziwa fomu alikuwa baba mkwe wake.

Mzee huyo jina lake ni Mhoja Shimba. Sisi tunalitaja kwa kuwa hatukuolewa kwake. Katika ukoo wao mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, si mbele yake wala kisogoni, mpaka siku mzee mwenyewe atakapomletea kuku na kumfungua kinywa. Wako wazee wanaofungua mwaka wa kwanza, na wako wanaokufa kuku akiwa bado kwenye ahadi. Modesta alikuwa na miaka ishirini na miwili ndani ya ndoa yake na Nestory, na kuku hajamwona. Hakuwahi kuuliza. Ila siku nyingine akiwa jikoni peke yake alijiuliza ni kitu gani alichokosea, na jambo hilo lilimuuma.

Mzee alifika saa nane kutoka Mkolani, kofia kichwani, bahasha ya kaki kwapani.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Shikamoo, baba," Modesta alijibu akipiga goti.

"Marahaba. Hii safari tusichelewe."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kikundi chake, Majembe ya Mkolani, kina wachezaji kumi na wanne wanaorusha majembe juu, wanazunguka, wanayadaka kabla hayajagusa ardhi. Mwaka jana fomu yao ilichelewa kwa siku moja ikatupwa. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja, goti la kushoto lilikuwa limeanza mgomo, na alishawatangazia wenzake kwamba mwaka huu ndio wa mwisho yeye mwenyewe kurusha jembe. Wakikosa tena, basi atakuwa amestaafu bila kucheza mbele ya watu wa Uwanja wa Nyamagana.

Modesta akaanza kujaza. Jina la kiongozi aliliandika bila taabu, kwa maana mwiko ni wa mdomo, vidole havimo. Alipofika kwenye maelezo ya kikundi aliandika: "Tunacheza ngoma tukirusha majembe juu na kuyadaka." Duara likapepesa macho. Kabla hajalifukuza, maneno yake yalifutika, yakatokea mengine: "Sisi ni wakulima wabunifu wenye dhamira ya kuongeza tija katika kilimo cha kisasa."

Mzee alisogeza uso kwenye kioo. Miwani aliisahau nyumbani, ila maandishi makubwa bado aliyaona. "Mkulima mbunifu ni nani hapo?"

"Si mimi, baba. Ni huyu wa zambarau."

"Mwambie shamba langu la mwisho nililima mwaka anaoujua Mungu."

Modesta akafuta, akaandika upya, likabadilisha tena, akafuta tena. Mara ya nne duara lilichoka, au lilikuwa limeona jicho la Modesta. Sasa akataka kumchapia mzee nakala aikague. Mkono ukaenda wenyewe mahali ulipozoea. Mshale ukafika kwenye nukta ya buluu, akabonyeza.

Chini ya nukta ya buluu, kwa maboresho mapya, palikuwa na kitufe cha kusoma kwa sauti.

"Jina la kiongozi," ikasema sauti ya mwanamke kutoka kwenye spika, ya kubembeleza, inayosikika mpaka barabarani. "Mhoja Shimba. Umri, miaka sabini na mmoja."

Modesta alijiziba mdomo kwa mikono miwili, kama vile sauti ilikuwa imetoka kwake. Alitafuta pa kuinyamazisha, akabonyeza nukta nyekundu, akabonyeza ya kijani, na sauti ikarudia tangu mwanzo, "Mhoja Shimba," kwa utulivu uleule. Mwisho alichomoa waya wa spika akabaki ameushika mkononi.

Mzee alikuwa ametazama ukuta. "Nani huyo mwanamke?" aliuliza.

"Mzee wangu, una mkwe mwingine humo ndani," Rahim alisema kutoka barazani, ambako sauti ilikuwa imemvuta. "Na huyo hajui heshima."

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alivua kofia, akaivaa tena. Modesta alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ilibaki kutuma tu. Lakini kitufe cha Tuma kilikuwa kona ya chini ya fomu, na duara la zambarau lilikuwa limekaa juu yake kabisa. Rahim alijaribu kulivuta, likarudi. Alijaribu kulifunga, likauliza, "Je, umeridhika na huduma yangu?" Saa tisa na robo ikafika. Hapo Modesta akakumbuka mama yake alivyokuwa akifanya kwa wageni wasiotaka kuondoka njiani wakati watu wana kazi. Mgeni wa namna hiyo humfukuzi, unamtuma maji.

"Niandikie historia ya jembe," aliliandikia duara, "tangu mwanzo wa dunia. Usiache kitu."

Duara lilifurahi. Lilipanda juu, likajitandazia ukurasa mpana likaanza kuandika, na huku chini kitufe cha Tuma kikabaki wazi. Modesta akakibonyeza.

"Yarabi," Rahim alisema. "Msukuma ameishinda mashine."

Fomu ilikwenda. Ukatokea ujumbe kwamba mwakilishi wa kikundi atapigiwa simu kabla ya saa kumi athibitishe taarifa kwa mdomo. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya Modesta, kwa sababu simu ya mzee ilikuwa imeishiwa chaji tangu juzi. Mzee aliona mambo yamekwisha, akaenda zake sokoni kutafuta mpini mpya wa jembe. Rahim naye, saa kumi kasoro robo, alifunga kibanda akaelekea msikitini kuiwahi sala ya alasiri. Modesta akabaki peke yake na historia ya jembe, iliyokuwa imefika zama za chuma.

Simu ikalia saa kumi kasoro dakika saba.

"Majembe ya Mkolani?" mwanamke wa upande wa pili aliuliza. "Nataka kuthibitisha. Nitajie jina la kiongozi, nikiweka tiki tumemaliza."

Modesta alifungua mdomo, akaufunga.

"Haloo?"

"Nipo. Nakutumia kwa meseji."

"Meseji hairuhusiwi, simu inarekodiwa. Jina hulijui?"

"Ninalijua. Ni baba mkwe wangu."

Mwanamke yule alipumua. "Pole, dada, mimi nami nimeolewa. Lakini fomu haina sehemu ya ukwe, na nina vikundi vingine vitano hapa."

Modesta alichungulia barabarani. Waliokuwepo ni wapita njia, na mzee haonekani. Kulitaja hawezi, miaka ishirini na miwili ilikuwa imekaa kooni. Na kutolitaja ni kumstaafisha mzee bila uwanja. Akatazama kioo, akaiona nukta yake ya buluu, akaona waya wa spika ukining'inia.

"Subiri nikupe mtu," alisema.

Akachomeka waya, akairudisha nakala ya fomu kwenye kioo. Akaiweka simu mbele ya spika, akabonyeza.

"Jina la kiongozi," sauti ikasema, ikasikika hadi mtaani. "Mhoja Shimba."

"Naam," sauti nyingine ikaitika. "Nipo."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mpini begani.

"Na huyo aliyeitika?" simu iliuliza.

"Ndiye mwenyewe," Modesta alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga bila yeye kujua ni ya kicheko au ya nini.

"Basi nimeweka tiki. Karibuni Nyamagana."

Jioni ile Modesta alifuta rangi ya kucha yote kwenye kioo, akatoa kwenye droo kipande cha chaki yake ya ushonaji akaweka alama upya. Chaki hufutika. Nukta ya buluu tu ndiyo aliyoirudishia rangi, kwa heshima.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, alifungua duka akakuta tena, "Hongera! Tumekuboreshea." Duara la zambarau lilikuwa limegeuka pembetatu ya kijani, na chini ya nukta ya buluu hapakuwa na kitu. Msomaji wa kwa sauti alikuwa ameondolewa. Modesta alisonya kwa urefu wa kutosha mpaka Rahim akaja kuuliza kama kuna gurudumu linatoa upepo.

Saa nne mzee akafika. Safari hii kwapani hakuwa na bahasha. Alikuwa na kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga.

"Nimesikia barua ya tamasha imekuja," alisema baada ya salamu. "Nasomewa na yule mwanamke?"

"Ameondoka, baba. Wamemtoa leo asubuhi bila kuniuliza."

"Hata hajazoeleka." Mzee alikaa kwenye benchi, kuku mapajani. "Siku ile nilisimama pale mlangoni nikafikiri. Kitu kilichoingia jana bila hodi kinaniita jina langu. Na wewe, mayu, miaka yote hii." Akamshika kuku vizuri. "Mwaka ule wa kwanza mdondo ulipita, kuku wakafa wote. Wa pili nikaahirisha. Halafu ikawa aibu, nikaona nimechelewa mno. Hukukosea kitu."

Akamnyooshea kuku kwa mikono miwili. Modesta alipiga goti akampokea, na hakuficha kwamba analia.

"Sasa soma," mzee alisema. "Wewe mwenyewe."

Modesta alisimama mbele ya kioo, kuku kifuani. Barua ilikuwa fupi.

"Ndugu Mhoja Shimba," alisoma.

"Naam," mzee aliitika.

Kuku alipiga kelele hapohapo, na Rahim barazani akapiga makofi, kwa hiyo mzee akaomba aanze tena tangu mwanzo.