Haina Moshi

Uliipita. Uliisikia jenereta ikinguruma ndani ya korido ya zahanati, ukafunika kichwa kwa gazeti kukwepa mvua, ukaendelea na safari yako. Ukajisemea, wenyewe wapo. Hata mwaka ule wa mafuriko, mafundi cherehani watatu walipokutwa wamekufa, wameinamia cherehani zao, mlango umefungwa na jenereta iko ndani, ulisema ni uchovu.

Mama Fyuzi, fundi umeme, hajasahau. Leo asubuhi alikuja kumwona mjukuu wake wa siku mbili, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, anayesaidiwa na mashine ya oksijeni. Alipofika mlangoni akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Nani kaiingiza hii?"

"Ilikuwa inalowa, mama," alijibu nesi, mkono kwenye paji la uso. "Usiogope, ni ya gesi ya mtungi. Haina moshi."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kinapasuka. Na binti yako katapika mara mbili. Baridi tu hii."

Moshi! Neno hilo ndilo linalotuua. Ya petroli angalau inakukohoza, unatoka mbio. Ya gesi inakubembeleza: sumu yake haina rangi wala harufu, unasinzia ukidhani umechoka.

Mama Fyuzi aliinamia mtungi. Mganga mkuu akatoka ofisini, hewa baridi ikimfuata nyuma.

"Ukizima, unamuua mjukuu wako kwa mikono yako mwenyewe."

Vidole vikagoma juu ya valvu. Mume wangu mdogo, ndivyo alivyomtania mjukuu tangu jana, mume asiyejaza hata viganja viwili. Kuzima ni kumnyima pumzi. Lakini mashine yenyewe inavuta hewa ya wapi? Ya humu humu.

"Nesi, puto la kumpumulishia lipo?"

"Lipo."

"Mtoe yeye na mama yake, barazani kule upepo unakotoka. Mpumulishe kwa mkono, usiache!"

Akafunga valvu. Ngurumo ikafa.

"Shika huku, daktari. Shati litakauka."

Waliibeba hadi kibanda cha kufulia, paa bila kuta, mbali na madirisha, bomba la kutolea hewa chafu likiyapa majengo kisogo. Mtungi ukasimamishwa wima. Mama Fyuzi akachomoa kila alichokiona kimechomekwa, akaiwasha tupu, ikatulia. Akachomeka waya mrefu wa soketi za zahanati. Injini ikakoroma, swichi ikaruka.

Barazani nesi alikuwa akihesabu kila pumzi kwa sauti, na sauti ilikuwa inakonda.

"Kuna kitu kinakula. Kiyoyozi chako!"

"Lebo ya jenereta imeandikwa wati elfu tatu!" mganga mkuu akabisha.

"Kwa petroli! Kwa gesi zinapungua. Na kiyoyozi kikianza kinadai mara tatu ya kinachokula kikishatulia. Nenda kachomoe!"

Mganga akasita. Mtoto anapumulishwa kwa mkono, mtu mzima anasitia kiyoyozi! Mama Fyuzi alimpita, akakichomoa mwenyewe, akarudi mbio akiteleza matopeni. Akawasha tena. Mashine ya oksijeni ikaletwa barazani, ikaingizwa peke yake. Friji ya chanjo ikangoja, mlango umefungwa, hadi injini ilipozoea mzigo.

Mtoto akalia, kilio chembamba kama mlango mkavu. Nesi akakaa chini akatapika, kisha akacheka, machozi yakimtoka.

Mvua ikazidi. Mganga mkuu akatazama kibanda.

"Madirisha tumeshafungua. Irudisheni ndani, itaharibika."

Mama Fyuzi akavuta ndoo, akaipindua, akaketi kati ya jenereta na njia ya korido.

"Pita juu yangu kwanza."

Bado amekaa. Lakini mtu ana makalio ya kukalia ndoo moja tu, na korido ni nyingi. Basi wewe uliyepita, rudi. Sasa hivi, na mvua hiyo hiyo. Ukiisikia inanguruma ndani, piga kelele, toa watu, funga mtungi, itoe nje. Usiniambie wenyewe wapo. Wenyewe wamelala. Inuka!