Kikombe cha Wageni

Kosa la Zulekha lilikuwa dogo tu: alipiga hodi kwao.

Nani anapiga hodi nyumbani kwao, jamani? Mtoto wa nyumba anasukuma mlango, anavua viatu, anauliza jikoni kuna nini. Lakini Zulekha alikuwa amekaa Ulaya miaka mingi, na huko mtu hata akienda kwa dada yake anabonyeza kengele kwanza, anasubiri. Basi akasimama pale mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mbele ya kile kijumba cha bati kilichobanwa na maghorofa huku na huku, wabeba mizigo wakimpiga vikumbo, akaita, "Hodi."

"Karibu," mama yake aliitikia kutoka ndani. "Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Zulekha."

Mama yake, Bi Mwanamkuu, akasema, kwa upole kabisa, "Zulekha yuko uani, anafua. Pita ndani umsubiri."

Zulekha alicheka. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kwamba mama macho yameshaingia ukungu na maradhi yamemlaza, ndiyo maana alikimbilia nyumbani. Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akampa shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akampapasa uso kwa vidole vilivyobaki mifupa, halafu akaurudisha mkono wake chini ya shuka. Akamuuliza mgeni wake kama ametoka mbali.

Huko uani maji yalisikika yakimiminwa kwenye beseni. Zulekha akaenda kuchungulia. Hapakuwa na mtu. Nguo za mama zilikuwa zimeanikwa kambani, zinachuruzika, na sakafu ya saruji ilikuwa na nyayo mbichi za miguu isiyo na viatu.

Aliyemletea chai ni Salma, mpangaji wa chumba cha mbele, muuza vitenge, mwanamke wa maneno mengi aliyehamia pale Zulekha akiwa ameshaondoka siku nyingi. Salma alimtazama mpaka akasahau kumpa kikombe. Akasema loo, kwa kufanana huko, bila shaka huyu ni ndugu yake dada Zulekha. Zulekha akamuuliza dada Zulekha alirudi lini. Salma akasema mwezi wa tatu, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Alikuja mikono mitupu, hana hata kipochi, na tangu hapo mama anapikiwa, anafuliwa, anageuzwa kitandani, hakosi kitu. Ila mtu mwenyewe haongei na hatoki nje.

Mwezi wa tatu. Zulekha alitazama kile kikombe alichopewa: cha kioo, ukingo wa dhahabu, kile ambacho mama yake hakitoi kabatini mpaka aje mgeni. Cha kwake, kile cha bati la bluu kilichobanduka mdomoni, alikiona kwenye shubaka la jiko alipokwenda kukitafuta. Kilikuwa kimelowa, na chai iliyobaki chini ilikuwa bado ya moto.

Sasa niseme lile alilolificha. Mwezi wa tatu Zulekha alisimama kwenye ukumbi wa huko aliko, akainua mkono, akaapa kuwa raia wa nchi ile. Msimwone mbaya. Alikuwa amechoka kuishi kwa vibali. Kila akitaka kuja kumwona mama alihofia kufungiwa mlango nyuma yake. Aliapa ili aweze kuja. Na sheria yetu aliijua, nani asiyeijua, uraia wa nchi mbili hatuna. Alijiambia ni karatasi tu, moyo uko palepale. Watu wengi wanajiambia hivyo, na mimi siwacheki.

Lakini kulikuwa na ahadi. Siku aliyoondoka, mama alimshika mkono akamwambia, siku yangu ikifika, uje unioshe wewe mwenyewe. Sitaki kuoshwa na mgeni. Zulekha akasema nitakuja, mama. Ndicho kitu pekee alichowahi kuombwa na mama yake.

Jioni ile alijikaza akamwambia mama ukweli wote. Bi Mwanamkuu alisikiliza, kichwa kimeelekea uani.

"Najua," alisema. "Mwanangu alinihadithia. Alifika hapo mlangoni analia, anasema ameachwa. Hakupiga hodi. Nikamwambia pita, hapa kwenu." Kisha akaongeza, kwa heshima ileile ya mwanzo, "Kunywa chai, mgeni. Inapoa."

Zulekha alilia mpaka akaona aibu. Kulipokucha alikwenda kwa wanaohusika na uraia, akauliza mtu anarudije. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Alimweleza kwamba kuna hadhi maalumu siku hizi kwa watu kama yeye, nzuri tu, ila si uraia. Akitaka uraia wenyewe, aukane ule mwingine, kisha aombe kama anavyoomba mgeni yeyote, akae, asubiri. Ni miaka.

"Mtu mzima akichukua uraia wa kwingine kwa hiari yake, wa kwetu unakoma palepale," alisema. "Hakuna anayekunyang'anya, mama."

"Na yule niliyekuwa," Zulekha aliuliza, "anakwenda wapi?"

Kijana alitaka kucheka. Alipomwona uso, akaacha. Alisema hilo sheria haisemi.

Alirudi Kariakoo mchana, jua kali, muziki wa maduka unapiga kama kawaida. Mbele ya nyumba majamvi yalikuwa yameshatandikwa. Hakuuliza, aliyaona tu akajua. Aliwapita wanawake waliokaa barazani, nao wakampisha kwa ukarimu kama anavyopishwa mtu wa mbali. Korido ilinuka karafuu maiti. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa, na nyuma yake maji yalikuwa yanamwagwa taratibu.

Salma alimshika bega, macho mekundu. "Pole, dada. Kaa hapa na wageni wenzako. Binti yake ndiye anamwosha, hataki kusaidiwa."

Zulekha alijitoa mikononi mwake, akaufikia mlango. Alijua la kufanya. Asukume tu, aingie, achukue kata ya maji, kwao ni hapa. Aliunyanyua mkono kwa nia hiyo hasa. Lakini ndani kulikuwa na maiti, na mkono ukaona haya, ukagonga.

"Hodi," alisema.

Maji yakanyamaza. Ikaja sauti ambayo Zulekha aliijua tangu utotoni, kwa sababu ilikuwa yake.

"Subiri huko nje, mgeni. Tunamaliza."

Kisha maji yakaanza tena kumwagwa.